Je, mtoto wa Mbeya huzaliwa na pumzi ya marathoni?

Kuanzia Mbeya, Makete hadi Njombe, wengi tumekua tukiambiwa kwamba aliyezaliwa milimani ana pumzi ya mbio ndefu tangu tumboni. Imani hii ina chimbuko: wakimbiaji wengi mashuhuri wa Afrika Mashariki wametoka nyanda za juu.

Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Oksijeni hewani ni asilimia 21, kama Dar es Salaam; kilichopungua ni mgandamizo wa hewa, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo, ndiyo maana mgeni hutweta akipanda ngazi. Mwili hujibu kwa kuongeza chembe nyekundu za damu, kazi ya wiki kadhaa, na mgeni huyo akikaa huongezewa pia.

Kinachojenga mkimbiaji ni miaka ya mazoezi. Pita Uyole, jijini Mbeya, alfajiri umwone kijana akipandisha mlima, fulana imelowa jasho kwenye baridi ile, raba zimelika soli upande mmoja. Kumwambia "umezaliwa nayo" ni kumnyima haki ya jasho lake.

Ukitaka kujipimia, kabla hujatoka kitandani shika kifundo cha mkono, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja, andika; jirani asiyekimbia, mzaliwa wa hukohuko, naye afanye vivyo hivyo. Kimbia njia ileile siku nne kwa wiki. Baada ya miezi miwili, hesabuni tena, linganisha daftari lako na la jirani, uone mapigo ya nani yamepungua.