Kikohozi kisichokatika mwaka mzima: kusafisha kifua cha mtoto mwenye PCD

Mtoto aliyezaliwa kwa miezi iliyotimia, akahitaji oksijeni siku ya kwanza, na tangu hapo hana siku bila mafua wala kikohozi chenye makohozi, simwongezei dawa ya pumu kwa mara nyingine. Nauliza habari za masikio, kisha nasikiliza moyo uko upande gani. Karibu nusu ya watoto wenye PCD (primary ciliary dyskinesia), ugonjwa wa kurithi wa silia, wana moyo kulia na ini kushoto. Picha ya eksirei ikitoka hivyo, kuna anayeigeuza akidhani imewekwa vibaya. Tazama kwanza alama ya L (kushoto) au R (kulia).

Silia ni vijinywele vinavyosukuma ute utoke kwenye mapafu. Visipofanya kazi, ute hutuama, bakteria huzaliana na njia za hewa hutanuka na kuharibika. Hakuna dawa ya kuviponya. Fagio lililobaki ni kikohozi, kwa hiyo dawa za kukituliza simpi kamwe.

Kazi kubwa ni kusafisha kifua asubuhi na jioni, kabla ya chakula. Mtoto wa miaka minne hivi na kuendelea hutumia chupa pana ya plastiki iliyo wazi juu, yenye maji ya kina cha sentimita 10, na mrija safi wa mpira wenye tundu la milimita 8 hadi 10 unaofika karibu na chini. Avute pumzi kwa pua, apulize polepole maji yatoe mapovu, mara 10. Kisha atoe pumzi kwa nguvu mdomo wazi mara mbili (mpe kioo akitie ukungu), akohoe, ateme. Arudie mizunguko mitano au sita.

Yanayoharibu zoezi ni yale yale: mrija mwembamba au maji mengi humchosha, mashavu yakivimba nguvu hupotelea mdomoni, na mtoto hufyonza badala ya kupuliza. Baya zaidi ni maji kulala ndani ya chupa, maana bakteria aitwaye Pseudomonas hupenda unyevu. Mwaga, osha kwa sabuni, anika pakauke. Akitema damu au kifua kikimchoma ghafla, acha, nendeni hospitali.

Maji ya chumvi ya 3% au 7% kwa nebulaiza (mashine ya kuvuta dawa kama ukungu) huwafaa baadhi, ila dozi ya kwanza itolewe kliniki, salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, ikitangulia kwa dakika 15, kwani kifua huweza kubana. Msichanganye chumvi nyumbani.

Makohozi yakiongezeka au kubadilika rangi, tunayapeleka maabara na kuanza antibiotiki, si chini ya siku 14. Siku tano hazitoshi. Hata akiwa mzima, tunayaotesha maabara kila miezi mitatu kutafuta bakteria. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2020 ulionyesha antibiotiki ya azithromycin mara tatu kwa wiki kwa miezi sita hupunguza vipindi vya kuzidiwa kwa takriban nusu. Kabla ya kuianza, hakikisha makohozi hayana bakteria wa TB wala bakteria jamaa zao, la sivyo unawafundisha usugu.