Kwa nini matofali ya Lubumbashi hutoka kwenye kichuguu?

Mtu akinunua parseli, yaani kiwanja, pembeni mwa Lubumbashi, huko Annexe au kandokando ya barabara ya Kasenga, halafu akakuta kichuguu kikubwa katikati ya uwanja, huanza kuhesabu matofali kabla ya kuhesabu vyumba. Wafyatuaji huitwa, wanakuja na sururu, makoleo na kalibu za mbao, na kabla mvua za Novemba hazijashika, kile kilima kimekwisha kuwa kuta. Mgeni kutoka Goma, ambako nyumba nyingi ni za mbao juu ya mawe ya volkano, huuliza swali la haki kabisa: udongo mwekundu umejaa hapa hadi Kipushi, kwa nini msichimbe popote?

Kwa sababu udongo wa popote, ukiufyatua, mara nyingi hukatika. Na hilo linashangaza, maana ukiupeleka maabara utaambiwa una mfinyanzi wa kutosha.

Ardhi ya Haut-Katanga, mkoa wa Lubumbashi, imeoshwa na mvua kwa muda mrefu mno. Hunyesha takribani milimita 1,200 kwa mwaka, karibu zote katika nusu moja ya mwaka, na maji hayo yameondoka na kalisi, magnesi, potasi na vyote vinavyoyeyuka upesi. Kilichobaki ni mchanga wa kwatzi, oksidi za chuma zinazoipa ardhi wekundu wake, na kaolinaiti, madini ya mfinyanzi yaliyoundwa kwa silika na alumini. Chembe moja ya mfinyanzi haifiki mikromita 2, jicho haliioni. Shida ni kwamba oksidi za chuma zimezigundisha chembe hizo zikawa vipunje vigumu vya ukubwa wa mchanga. Uchote mkononi, utapita kati ya vidole. Mfinyanzi umo ndani, ila umefungwa. Na ukichimba chini zaidi, mara nyingi unagonga tabaka la changarawe ya lateriti, udongo mwekundu uliogandishwa na chuma, ambalo halina kazi kwenye kalibu.

Hapo ndipo mchwa anapoingia. Wanaojenga vile vichuguu vikubwa vya kwetu wanaitwa Macrotermes falciger. Mfanyakazi wao hubeba mzigo kinywani, kwa hiyo changarawe haimwezi na punje kubwa ya mchanga anaiacha. Anashuka kwenye mapito yake, anachukua chembe laini, anazilainisha kwa mate, anapanda nazo na kuzibandika. Mwingine anafanya vivyo hivyo, na mwingine, kizazi juu ya kizazi. Hakuna kiwanda cha kuchekecha udongo kilichowahi kufanya kazi kwa uvumilivu huo. Katika pori la miombo linalozunguka mji, vichuguu hivi vina urefu wa wastani wa mita 5 hivi na kipenyo cha karibu mita 15 chini, vingine hufika mita 8 kwenda juu. Hekta moja huwa na vitatu hivi, vimeachana kwa umbali unaokaribiana, kwa kuwa kila koloni hulinda eneo lake la malisho.

Umri wake ndio unaonishangaza zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walipima vichuguu vya huku kwa kaboni ya mionzi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015: kimojawapo, kilichokwisha kuhamwa na mchwa, kilikuwa na zaidi ya miaka 2,000.

Umbo la kichuguu nalo lina kazi yake. Mvua ikinyesha huteremka ubavuni, haipenyi sana ndani. Kwa hiyo kalisi na magnesi, ambazo kwenye ardhi tambarare zinaoshwa, ndani ya kichuguu zinabaki na kulundikana mwaka hadi mwaka, hata hujitengenezea vibonge vyeupe vya chokaa. Ardhi ya pembeni ni ya asidi, moyo wa kichuguu sivyo. Wakulima wanalijua hilo bila kipimo, ndiyo maana mahindi yaliyopandwa kwenye udongo wa kichuguu husimama vizuri. (Wakati wa mvua, ule uyoga mkubwa unaouzwa barabarani nao hutoka hukohuko, kwenye bustani za kuvu ambazo mchwa hulima chini.) Kaa na hivyo vibonge vyeupe akilini, vitatusumbua baadaye kwenye tanuri.

Watu wa hapa hawakungoja mji ndipo wajue thamani ya udongo huu. Waliokuwa wakiyeyusha shaba ya Katanga na kuimimina iwe ile misalaba iliyotumika kama fedha, walijenga matanuri yao kwa udongo wa kichuguu, kwa kuwa unashikana na unavumilia moto. Tanuri la Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, lilianza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911, likikuta kazi hiyo ina karne nyingi.

Mwaka huohuo wa 1911, mbali sana na huku, Msweden mmoja aitwaye Albert Atterberg alikuwa akichapisha njia ya kupima udongo ambayo hadi leo mainjinia wa barabara na majengo wanaitumia. Ni rahisi kiasi kwamba unaweza kuijaribu uani. Chukua udongo uliolowa, uviringishe kwa kiganja juu ya kioo hadi uwe uzi wa unene wa milimita 3. Ukikatika kabla ya kufika hapo, umekauka mno au hauna mfinyanzi uliofunguka. Ukifika, ukunje uuviringishe tena, na tena, hadi maji yapungue na uzi uanze kuvunjika. Kiasi cha maji kilichobaki wakati huo ndicho kikomo cha kwanza. Kikomo cha pili ni maji yanayoufanya udongo uanze kutiririka. Nafasi kati ya vikomo hivyo viwili inaonyesha fundi ana uhuru gani wa kuufinyanga. Udongo wa kichuguu hutoa uzi mrefu. Ule mwekundu wa kawaida hutoa vipande.

Mfinyanzi hunyumbulika kwa sababu chembe zake ni bapa, na kati ya bapa na bapa maji huingia na kuzifanya ziteleze, kama karata mpya mkononi. Maji yakitoka wakati wa kuanika, bapa zinasogeleana na tofali linasinyaa. Likisinyaa haraka upande wa juu kuliko wa chini, linapasuka. Ndiyo sababu wafyatuaji hufunika matofali mabichi kwa majani siku za kwanza, na ndiyo sababu udongo wenye mfinyanzi kupita kiasi huongezewa mchanga, ambao hausinyai. Huo mchanga ni njia ya kurekebisha udongo wa mfinyanzi iliyo nzee kuliko maabara zote.

Lakini si mfinyanzi wote ni mmoja. Kuna kaolinaiti, ambayo ni tulivu, na kuna smektaiti, ambayo hunywa maji kati ya tabaka zake na kuvimba, kisha ikikauka inapasuka vibaya. Kwa jicho huwezi kuzitofautisha. Maabara hutumia eksirei: mionzi hurushwa kwenye unga wa udongo, ikagonga tabaka za madini na kurudi kwa pembe fulani, na kutokana na pembe hiyo unapata umbali kati ya tabaka na tabaka. Kwa kaolinaiti ni nanomita 0.7. Kwa smektaiti iliyokaa kwenye hewa ya kawaida ni 1.4 au 1.5 hivi. Ili kuwa na hakika, fundi wa maabara huitesa sampuli kidogo. Anaiweka kwenye mvuke wa ethilini glikoli, kimiminika kilekile kinachotiwa kwenye rejeta ya gari. Smektaiti inakinywa na umbali wake unapanda hadi 1.7, kaolinaiti haijali. Kisha anaichoma hadi nyuzi 550 za Selsiasi. Alama ya kaolinaiti inafutika kabisa, na ya smektaiti inashuka hadi nanomita 1. Kila madini yanajitaja kwa jinsi yanavyovumilia mateso.

Na kufutika huko kwa nyuzi 550 ndiko kunakofanya tofali liwe tofali. Twende basi kwenye tanuri.

Matanuri ya huku hujengwa kwa matofali mabichi yenyewe, yamepangwa kwa nafasi ndogo, na mashimo ya kuni chini, nje yakipakwa tope. Moto huanza polepole. Hadi karibu nyuzi 200 yanatoka maji yaliyobaki kwenye matundu, na ule moshi mweupe mzito ni mvuke zaidi kuliko moshi. Ukiharakisha hapa, mvuke unapasua matofali kutoka ndani. Kwenye nyuzi 300 hivi, oksidi ya chuma yenye maji ndani yake, ile ya rangi ya manjano na kahawia, hupoteza maji na kuwa hematiti nyekundu. Wekundu wa tofali hutoka hapo. Mizizi na mabaki ya majani huungua baada ya hapo; hewa isipotosha, tofali linabaki na moyo mweusi.

Kati ya nyuzi 450 na 600 linatokea jambo kubwa. Kaolinaiti ina maji mengine ambayo si ya kulowesha, ni sehemu ya umbo lake: hidrojeni na oksijeni zilizofungwa katika tabaka zake. Moto unayang'oa. Kaolinaiti safi hupoteza hapo karibu asilimia 14 ya uzito wake, na tabaka zake zinaporomoka. Hata ukilimwagia tofali hilo maji ya mto mzima, halirudi kuwa tope la kufinyanga. Tofali lililokaushwa kwa jua tu linarudi, kwa kuwa jua liliondoa maji ya kati ya bapa na kuliacha umbo lenyewe.

Hata hivyo, tofali lililofika nyuzi 600 bado ni dhaifu. Nguvu huja juu ya 800, chembe zinapoanza kulainika kwenye ncha na kuungana, huku sehemu ndogo ikiyeyuka kuwa kioo kinachogandisha nyingine. Potasi, kalisi na magnesi huharakisha kuyeyuka huko, na udongo wa kichuguu unazo kuliko ule wa pembeni. Mchwa, bila kukusudia, ametia dawa ya kuunguzia.

Moto wa kuni haufiki sawa kila mahali. Matofali yaliyo karibu na mashimo huiva hadi kuwa meusi na kung'aa, mengine hujipinda. Ya katikati ndiyo mazuri. Ya nje hubaki mekundu hafifu, na muuzaji asiye mwaminifu atayachanganya na mengine. Chukua mawili uyagonganishe: yaliyoiva yanalia kwa sauti kali, mabichi yanatoa mshindo mfu. Kama huamini sikio lako, tumbukiza moja kwenye ndoo hadi kesho yake na uangalie kama maji yamegeuka tope.

Sasa vile vibonge vyeupe. Chokaa hiyo ikipita nyuzi 800 hivi hutoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa kali. Tofali linatoka tanurini likiwa zuri kabisa. Kisha unyevu wa hewa unapenya, chokaa kali inakunywa maji na kuvimba, na wiki chache baadaye uso wa tofali unaruka kipande, katikati ya shimo kukiwa na doa jeupe. Mwenye nyumba hulaumu plasta. Dawa ni kuvitoa vibonge wakati wa kuchimba, au kuvisaga viwe unga, kwa kuwa chokaa laini iliyotawanyika haina nguvu ya kupasua. Njia nyingine ni kuloweka matofali kwenye maji mengi mara yakitoka tanurini, ili chokaa ipoe kwa mkupuo na kuwa laini kabla haijapata muda wa kusukuma.

Kaolinaiti iliyochomwa hadi nyuzi 700 hivi halafu ikasagwa ina faida nyingine. Umbo lake lililoporomoka linakuwa na njaa ya chokaa: ukizichanganya na maji zinashikana na kuwa ngumu hata chini ya maji. Warumi walifanya hivyo kwa vigae na matofali yaliyopondwa, na viwanda vya leo huitumia kupunguza kiasi cha klinka, yaani vibonge vilivyochomwa ambavyo husagwa kuwa saruji. Na pemba, ule udongo mweupe unaouzwa vipande sokoni na kuliwa na wajawazito, kwa kiasi kikubwa ni kaolinaiti pia. Kwenye mji wa migodi ningeuogopa, kwa sababu mfinyanzi hushika metali, na hakuna anayekuambia ulichimbwa wapi.

Bei ya haya yote ni kuni na muda. Tanuri moja linakula miti mingi ya miombo, na kichuguu kilichobomolewa hakirudi katika maisha ya mjukuu wako. Njia inayojulikana ya kuepuka hayo ni tofali la kushindiliwa kwa mashine, lisilochomwa, lenye saruji asilimia 5 hadi 10, na kuwekwa unyevunyevu wiki kadhaa ili saruji ishike. Mashine ya mkono ya kazi hiyo ilibuniwa Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950. Kwa tofali hilo, udongo wa kichuguu mtupu haufai: mfinyanzi ni mwingi mno, unasinyaa, na saruji inashindwa kuushika. Linalotakiwa ni udongo wenye mchanga, changarawe ndogo na mfinyanzi wa wastani, yaani ule mwekundu wa lateriti ambao wafyatuaji wetu wanauruka kwenda kutafuta kichuguu.