Kunyanyua gari: kinachopanda na kinachobaki palepale

Imekuwa kawaida, katika matangazo ya kuuza magari ya porini na katika mazungumzo ya gereji, kuambiwa kwamba gari fulani limenyanyuliwa inchi 2 na kwa hiyo halitagusa chini. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo mara nyingi ni kweli. Nusu ya pili haitokani na ya kwanza, na kwa magari mengi yanayopita njia mbaya za Afrika Mashariki haina ukweli mahali pale hasa ambapo mwenye gari angependa iwe nao.

Kunyanyua gari kwa springi ni kuondoa springi na shokapu za kiwandani na kufunga nyingine zilizo ndefu zaidi, au zenye upinde mkubwa zaidi, ili chesisi, yaani fremu ya chuma iliyo chini ya bodi, pamoja na bodi vikae mbali zaidi na ekseli, yaani mhimili unaobebwa na magurudumu. Seti za kawaida huongeza kati ya milimita 40 na 50. Hiyo ndiyo maana yake, wala hakuna zaidi. Anayeisoma maana hiyo kwa haraka ndiye anayeruka neno "ekseli" na kuweka "ardhi" mahali pake.

Tofauti hiyo ni kubwa kwa sababu ya namna magari haya yalivyoundwa. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1984, ina ekseli za kipande kimoja mbele na nyuma: bomba la chuma linalotoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, na katika bomba hilo kuna bakuli linalobeba difu, yaani gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili. Mwaka 1999 Toyota waliondoa springi za vyuma bapa upande wa mbele wakaweka koili, lakini ekseli ilibaki ya kipande kimoja. Land Rover Defender za zamani ziko hivyo, na Suzuki Jimny iko hivyo hadi leo. Katika magari ya namna hii springi hukaa kati ya ekseli na chesisi, na chini ya ekseli hakuna kitu kingine kinachoibeba isipokuwa gurudumu. Urefu wa springi, uwe inchi 2 au inchi 6, hauwezi kulisogeza bakuli la difu hata milimita moja, kwa kuwa umbali wake kutoka ardhini hupangwa na nusu ya kipenyo cha tairi. Ni kama mtu anayepandisha kanzu akivuka tope: pindo limeinuka na halitachafuka, lakini nyayo ziko palepale zilipokuwa.

Hesabu ya Jimny, gari ambalo siku hizi linanyanyuliwa kuliko mengi, inaonyesha jambo hilo bila ubishi. Jimny iliyotoka mwaka 2018 imetangazwa na kiwanda kuwa na milimita 210 kati ya ardhi na sehemu yake ya chini kabisa, na sehemu hiyo ni bakuli la difu. Tairi zake za kiwandani ni 195/80R15, ambazo kwa kukokotoa kutoka maandishi ya ubavuni zina kipenyo cha milimita 693. Mwenye gari akifunga springi za kuongeza milimita 50 na kubaki na tairi zilezile, bodi itapanda milimita 50, naye atapaswa kuinua mguu zaidi anapoingia, lakini chini ya difu bado atapima 210. Jirani yake ambaye hakugusa springi, lakini akafaulu kuingiza tairi za 235/75R15 zenye kipenyo cha milimita 733 na nusu, atapata 230, maana nusu ya nyongeza ya kipenyo ndiyo inayohesabiwa. Milimita 20 zinaonekana haba mbele ya zile 50, na nadhani ndiyo maana hakuna anayezitangaza, lakini ndizo pekee ambazo jiwe lililo katikati ya njia litazitambua.

Iko njia nyingine ya kuinua difu pasipo kuongeza tairi, nayo ni kuweka gia ndogo kwenye kila kitovu cha gurudumu ili ekseli ipite juu ya kitovu badala ya kupita kati yake, kama ilivyofanywa katika Mercedes-Benz Unimog. Hiyo ni kazi kubwa na gharama yake ni kubwa, kwa hiyo tuiache.

Mkanganyiko unazidi tukifika kwa Hilux na Prado za siku hizi, ambazo mbele hazina ekseli ya kipande kimoja. Difu yao ya mbele imefungwa kwenye chesisi, na kila gurudumu lina mikono yake na drafshafti yake, yaani fimbo inayolizungusha, kwa hiyo springi ndefu zinapoinua chesisi, difu ya mbele inapanda nayo kweli. Mwenye gari anapiga magoti mbele ya bampa, anaona nafasi imeongezeka, anasimama akiwa ameridhika. Angezunguka nyuma angekuta ekseli ya kipande kimoja iko palepale ilipokuwa asubuhi, na kwa kuwa gari zima hupita njia moja, sehemu ya chini kabisa ndiyo inayoamua litapita au litakwama.

Mahali ambapo jambo hili hujidhihirisha ni kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kugeuka gundi wakati wa masika. Malori yakitangulia kupita, tairi zao huchimba mifuo miwili mirefu na kuacha tuta katikati. Gari dogo linalofuata huzama katika mifuo hiyo kwa magurudumu yake, na tuta hulikwaruza bakuli la difu kwanza, kabla ya kugusa tangi la mafuta au ngazi za pembeni. Dereva aliyenyanyua kwa springi peke yake atakwama pale ambapo angekwama kabla ya kutoa fedha zake, ingawa bodi itakuwa safi zaidi.

Msomaji atauliza, kwa haki, kunyanyua kwa springi kunafaa nini basi. Kunafaa sana. Kwanza hutengeneza nafasi chini ya matao ya bodi yanayofunika matairi, na nafasi hiyo ndiyo inayoruhusu tairi kubwa kugeuka na kupanda pasipo kusugua. Yule jirani wa Jimny asiyegusa springi ana hatari ya kusikia tairi ikikwangua kila anapokata kona kwenye shimo. Pili, huinua kila kitu kilichofungwa kwenye chesisi: tangi, bomba la moshi, giaboksi, ngazi. Tatu, gari hupata uwezo wa kuukabili mwinuko mkali bila bampa kuchimba, na kuvuka kilima kifupi bila tumbo kulalia. Hizo ni faida za kweli, lakini kila moja ni faida ya chesisi.

Faida ya nne, ya gurudumu kushuka zaidi linapoingia shimoni, hutajwa mara nyingi na hupatikana mara chache. Gurudumu hushuka hadi shokapu inapofika mwisho wake. Fundi akiweka kipande cha chuma juu ya koili, kile kinachoitwa spesa, na kuacha shokapu ya zamani, gari litasimama juu zaidi huku shokapu ikiwa tayari imevutwa karibu na mwisho; safari ya gurudumu kwenda chini imepungua, na kila shimo litatoa mgoto wa chuma. Gari la namna hiyo limenyanyuliwa kwa macho, na katika ardhi ya mashimo huwa baya kuliko lilivyotoka kiwandani.

Kuna pia kazi mbili ambazo huingizwa katika jina hili kwa makosa. Kuweka vipande vya mpira au plastiki kati ya bodi na chesisi hupandisha bodi peke yake, na chesisi hubaki ilipo. Kuongeza majani ya springi ya nyuma, jambo la kila siku kwa pikapu za mizigo na kwa Land Cruiser za watalii zinazorefushwa katika gereji za Arusha, ni kulifanya gari libebe uzito bila kuinama. Likiwa tupu huonekana limepanda kwa sababu uzito uliotarajiwa haupo. Hata seti nzuri za kunyanyulia huuzwa kwa kuzingatia mzigo wa kudumu, na aliyechukua springi za kubeba kilo 300 za ziada kwa gari ambalo hubeba watoto wawili kwenda shule atapata kimo kikubwa kuliko alichoahidiwa, na mgongo unaouma.

Kwa kuwa chesisi na ekseli vimetenganishwa, kila kinachoviunganisha huathirika, na hapa ndipo fundi mzuri hujulikana. Mipira ya breki huwa fupi gurudumu linaposhuka, na lazima irefushwe au ishushwe mahali ilipofungwa. Katika Toyota nyingi za mizigo kuna vali inayogawa nguvu ya breki za nyuma kwa kusoma umbali kati ya chesisi na ekseli. Gari likinyanyuliwa, vali hudhani halina mzigo na hupunguza breki za nyuma, hata kama nyuma kuna mifuko kumi ya saruji. Ekseli ya mbele yenye koili huzunguka kidogo katika mikono yake, na usukani hupoteza tabia ya kurudi wenyewe katikati, ndiyo maana huwekwa bushi maalumu, yaani viungo vya mpira vya mikono hiyo, za kurekebisha mwinamo huo. Fimbo inayokingama kutoka chesisi hadi ekseli huisukuma ekseli upande mmoja. Kwa Hilux na Prado, drafshafti hufanya kazi kwa pembe kali zaidi na matairi hupoteza mpangilio, hivyo alaimenti haina budi kufanywa kabla gari halijasafiri. Boliti za bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwa kuwa zikikazwa likiwa juu ya jeki, mpira hukaa umejisokota na hupasuka mapema. Tairi kubwa nazo hudanganya spidomita: kwa vipimo vya Jimny vilivyotajwa, ikiwa mshale ulikuwa unasema kweli, 50 ya kwenye dashibodi huwa karibu 53 barabarani, na tochi ya trafiki haisomi dashibodi.

Kwa hiyo anayesema gari lake limenyanyuliwa inchi 2 hajadanganya, na hapaswi kubishiwa. Aulizwe tu limevaa tairi gani, na kama ana futi ya kupimia, apime kutoka ardhini hadi chini ya bakuli la difu ya nyuma, upepo ukiwa sawa katika tairi zote, kisha atangaze namba hiyo pamoja na zile inchi zake.