Wimbi la mraba si klarineti

"Wimbi la mraba ni klarineti, la msumeno ni tarumbeta." Kanuni hii ya kuiga ala kwa sintesaiza, kwa kuchagua umbo la wimbi, nimeikuta tena wiki hii, na safari hii siwezi kuipita kimya, maana inawakatisha tamaa wanaoanza. Mtu anafungua VCV Rack, programu ya sintesaiza yenye moduli zinazounganishwa kwa kebo, anaunganisha osileta (moduli inayotoa mawimbi hayo) moja kwa moja na spika, anasikia king'ora, kisha anaamini programu haiwezi.

Ukweli uliomo ni mdogo. Noti za chini za klarineti zina harmoniki (sauti ndogo zilizo ndani ya noti, kila moja ni mzidisho wa masafa ya msingi) witiri, yaani za 1, 3, 5, zenye nguvu, na wimbi la mraba lina witiri tupu. Panda juu, harmoniki shufwa, za 2, 4, 6, nazo zinajitokeza, mfanano unapungua. Basi.

Tarumbeta inatambulika kwa jinsi inavyobadilika. Mtunzi na mtafiti Jean-Claude Risset aliichambua kwa kompyuta pale maabara ya Bell Labs, Marekani, miaka ya 1960, akaona kwamba sauti ikikua, harmoniki za juu huongezeka, na noti inapoanza hizo za juu huchelewa kuingia. Kwa hiyo envelopu (moduli inayoamua noti inavyopanda na kushuka) ileile inayofungua kikuza sauti ipeleke pia kwenye filta, inayokata sauti za juu. Mimi huanza na filta iliyokaribia kufungwa, na envelopu inayopanda kwa milisekunde 50 hivi. Piga noti kwa nguvu, kisha kwa upole: kama kilichobadilika ni ukubwa wa sauti tu, bado hujaipata. Inaniuma kuona watu wakitumia saa nzima kuchagua osileta huku envelopu wameiacha ilivyokuja.

Gitaa halihitaji hata osileta. Watafiti Karplus na Strong walionyesha njia hii mwaka 1983: mkupuo mfupi wa kelele unaingia kwenye dilei (kifaa cha kuchelewesha sauti), unapita filta inayopunguza sauti za juu, unarudi kwenye dilei, tena na tena. Urefu wa dilei ndio noti. Kwa A ya hezi 440 ni milisekunde 2.27, yaani sampuli 109 (vipande vidogo ambavyo kompyuta huhesabia sauti) ukiendesha programu kwa sampuli 48,000 kwa sekunde.

Halafu malalamiko yanaanza: "Gitaa langu linazidi kwenda nje ya noti kadiri ninavyopanda." Ndiyo, na sikio lako halijakosea. Katika VCV Rack kila kebo huchelewesha sampuli moja. Dilei kwenda filta, filta kwenda miksa, miksa kurudi dilei: tatu tayari. Sampuli 3 juu ya 109 zinashusha noti karibu robo toni. Oktava moja juu, mzunguko mzima una sampuli 54 na kitu, na 3 zilezile zinakushusha karibu nusu toni. Kurekebisha osileta zote duniani hakutasaidia. Punguza urefu wa dilei kwa kiasi hichohicho, au tumia moduli yenye mzunguko wote ndani yake. Filta nayo inaongeza ucheleweshaji wake, kwa hiyo mwisho wa yote nalinganisha kwa tyuna, noti kwa noti.

Fidla ndiyo inayonishinda. Nimeweka filta kadhaa zenye vilele (masafa zinayoyakuza) visivyohama, zisimame badala ya mwili wa mbao, kisha nikaongeza vibrato, mtikisiko mdogo wa noti: kila harmoniki inapopita kwenye kilele inavimba na kunywea kivyake, na hapo sauti inapata uhai wa kweli. Ila ule mkwaruzo wa upinde unapoushika uzi, kabla noti haijatulia, nimeujaribu kwa kelele, kwa envelopu, kwa osileta mbili. Ukiwa peke yake bado unasikika bandia. Nyuma ya ala nyingine unapita.