Mwalimu Naye Anahitaji Kazi Halisi ya Kujifunzia

Mwaka 1985 Terezinha Nunes Carraher na wenzake walichapisha utafiti mdogo uliofanyika Recife, Brazil, kwa watoto watano wa miaka 9 hadi 15 waliozoea kuuza bidhaa mitaani. Watafiti walikwenda kama wateja: wakauliza bei, wakataka chenji. Watoto walipatia takriban asilimia 98 ya hesabu hizo. Baadaye wakaletewa hesabu za namna ileile mezani. Hesabu za mafumbo walipatia kama asilimia 74, na zenye namba tupu asilimia 37 tu.

Mmoja wao aliulizwa bei ya nazi nne za 35 kila moja. Alianza na tatu, 105, akaongeza 30, kisha 5: 140. Alipopewa 35 mara 4 kwenye karatasi, aliandika 200, kwa sababu ile 2 aliyobeba aliijumlisha na 3 kwanza, ndipo akazidisha kwa 4.

Kazi yangu ni kuwanoa walimu walio kazini, na utafiti huu nausikia ukitajwa mara nyingi kuonyesha kwamba watoto wanajua mengi nje ya darasa. Sawa. Ila mimi huganda kwenye ile namba ya katikati, 74. Fumbo lilikuwa na bei na bidhaa, lakini hakuna aliyekuwa ananunua kitu. Kazi nyingi tunazoziita halisi ziko hapo katikati. “Mwandikie meneja barua ya malalamiko,” halafu barua inasahihishwa tahajia na kurudishwa kwenye daftari. Meneja mwenyewe hayupo.

Kazi halisi ina mtu anayelisubiri jibu, na anaweza kulikataa. Chukua bomba la shule linalodondosha maji. Mwenye kuamua kama fundi aitwe anataka kujua yanapotea kiasi gani. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Ukikadiria matone 20 kwa mililita, unapata lita 4.3 hivi. Kwenye ubao hesabu inaishia hapo. Bombani ndipo inapoanza, maana wanafunzi watagundua kwamba matone hayalingani, kwamba kasi inabadilika watu wakifungua mabomba mengine, na kwamba pengine ni heri kutega chombo kwa saa nzima kuliko kuhesabu matone. Kundi moja litapata lita tatu, jingine sita. Aliyeomba taarifa atauliza: nimwamini nani?

Mwalimu naye hana jibu mfukoni. Aingilie saa ngapi? Awaache wabishane hadi lini? Atapimaje kazi ya kundi lililokosea namba lakini likaeleza vizuri kwa nini vipimo vyake havitegemeki? (Binafsi kundi hilo ningelipa alama nzuri kuliko lililobahatisha jibu.)

Uamuzi wa namna hiyo haupatikani kwa kukaa ukumbini na kunakili slaidi. Semina ina faida yake: mtaala mpya lazima uelezwe, na programu mpya lazima ionyeshwe. Lakini mwalimu akiwa semina ni kinyume cha yule muuza nazi. Mezani anapatia, anataja hatua zote za somo shirikishi bila kukwama; darasani, mwanafunzi akiuliza swali asilolitarajia, hatua zinapotea.

Ndiyo maana napenda utaratibu wa Kijapani wa utafiti wa somo, ambao mizizi yake ni ya karne ya 19. Walimu wachache wanaandaa somo moja pamoja na kukisia wanafunzi watajibu nini. Mmoja anafundisha, wengine wanaangalia. Kisha wanakaa kulijadili, na mara nyingi wanalirekebisha na kulifundisha tena kwa darasa jingine.

Ugumu uko kwenye kuangalia. Tumezoea ukaguzi, kwa hiyo macho yanamkimbilia mwalimu: sauti yake, ubao wake, andalio lake. Hapa mwangalizi anakaa karibu na wanafunzi wawili au watatu na kuandika wanachosema na kufanya, neno kwa neno inapowezekana. “Wanafunzi walishiriki vizuri” haimsaidii mtu. “Alifuta jibu lake sahihi baada ya kuona la jirani” inaweza kuwapa walimu mazungumzo ya saa nzima, na inamkinga aliyefundisha, kwa sababu kinachochunguzwa ni somo walilolitunga wote.

Muda ndio gharama kubwa. Mkuu wa shule asiyelegeza ratiba ili walimu wawili waingie darasa moja hatapata kitu hapa, hata akibandika mabango ya maendeleo ya kitaaluma kila ukuta. Kwa mwenye mwenzake mmoja tu, nashauri wachague somo moja kwa muhula, lile ambalo wanafunzi hulikosea kila mwaka. Akikosekana hata huyo mmoja, rekodi sauti ya kundi moja likifanya kazi, kwa idhini ya shule na wazazi, kisha isikilize siku hiyohiyo. Anza na dakika kumi ambazo wewe hukuwa karibu na meza yao.