Folowazi elfu kumi, vitabu 14

Mwaka juzi nilichapa riwaya yangu ya kwanza kwa hela yangu mwenyewe, nakala 300, nikazipanga chini ya kitanda nikijua hazikai, maana ukurasa wangu wa Facebook ulikuwa umeshavuka folowazi elfu kumi na kila mtu alikuwa ananiambia we jamaa ushatoboa. Nikajipa wiki mbili. Wiki mbili zikapita, vilivyotoka ni vitabu 14, na kati ya hao 14 wawili ni mashemeji. Kwa hiyo haya ninayoandika, kuhusu dhana potofu za kuuza vitabu mtandaoni, nimeyalipia ada.

Dhana kubwa kuliko zote ni hii kwamba folowazi ndo wateja. Kwanza ukiposti siyo kwamba wote wanaokufolo wanaiona, mtandao unaionyesha kwa wachache kwanza, wakiipita kimya inazama hapo hapo na wewe unabaki unajiuliza hao watu elfu kumi wamefiwa ama vipi. Pili, jiulize walikufuata kwa lipi. Mimi wengi walinifuata kwa vichekesho na ubishi wa Simba na Yanga enzi zile, kitabu hawajawahi kuniomba, sasa mtu aliyekuja kucheka unamwambia atoe buku kumi asome kurasa 200 za msiba na mirathi, atoe kwa kipi?

Wa kununua folowazi sina maneno mengi na nyie. Namba inapanda usiku mmoja, asubuhi una maakaunti ya nchi usizozijua ambayo Kiswahili hayasomi. Halafu yanakuharibia hata wale wa kweli, kwa sababu posti yako ikipelekwa kwa hizo akaunti feki hakuna anayelaiki wala kukomenti, mtandao unaona hii haina mvuto, unaacha kuisambaza.

Dhana ya pili niliikumbatia miaka: "nikiweka hadithi bure nani atanunua?" Wakuu, hadithi za mfululizo zimeuza magazeti ya Kiswahili miaka na miaka, watu walikuwa wananunua gazeti, habari za kwanza hata hawasomi, wanafungua ukurasa wa hadithi wajue yule dada alifungua mlango au hakufungua. Ndo hicho hicho tunachofanya sa hivi Facebook na WhatsApp. Unaweka sehemu kumi za mwanzo bure, kamili, siyo vipande vya mistari sita vya kumuudhi mtu aliyetumia bando lake, unakata pale mlango unapogongwa, na ya kumi na moja ni ya wenye nia ya kulipia. Nilipoanza hivi, Jumatatu Jumatano Ijumaa saa tatu usiku watu wakiwa washakula, ndo nikaanza kuona majina yale yale yanarudi kwenye komenti, mwandishi usituue, mwandishi tupia nyingine. Walikuwa kama arobaini tu. Posti zangu za mpira zilikuwa zinapata laiki mara kumi ya hapo, lakini hawa arobaini siku niliyokosa umeme walinitafuta inboksi kuuliza kama naumwa.

Hao ndo wasomaji. Wengine wote ni wapita njia, na wapita njia hawana kosa.

Kwenye WhatsApp nako kuna mambo watu hawayajui mpaka yawapige. Unaunda brodikasti, ile orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi, unadhani umewafikia wote, kumbe ujumbe unaenda kwa waliosevu namba yako tu, na orodha moja haizidi watu 256. Kwa hiyo mtu akituma hela kwa lipa namba akanitumia skrinishoti, kabla sijamtumia chochote namwambia dada yangu, au kaka, sevu kwanza namba hii. Grupu linabeba watu 1,024 lakini la watu mia tano wanaosalimiana asubuhi mpaka jioni hadithi inapotelea humo humo, langu nimelifunga naposti mimi tu, na siku moja kwa wiki nafungua wabishane kuhusu wahusika (wanabishana hasa, kuna mama mmoja hajanisamehe mpaka leo nilivyomuua mjomba).

Eti lazima uwe kila mtandao. Utaandika saa ngapi? Chagua mmoja unaouweza na mmoja wa akiba. Na wanaosema TikTok ni ya kucheza tu wanakosea, kule video inapelekwa hata kwa wasiokufuata, unaweza kusoma kurasa moja kwa sauti yako bila kuonyesha sura. Instagram ukibandika linki kwenye maelezo ya picha haibonyezeki, iweke kwenye bayo, yale maelezo mafupi juu ya ukurasa wako.

Kuhusu PDF ya kitabu kusambazwa bure sitakudanganya, itasambazwa. Mimi kila nakala naandika jina na namba ya aliyenunua ukurasa wa kwanza na katikati, inapunguza, haimalizi. Wengine wanaamini wakisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, au wakipata ISBN ndo wezi wataogopa. Hakimiliki unayo tangu unaandika, kusajili COSOTA ni kujiwekea ushahidi siku mkigombana, na ISBN, ambayo Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, ni namba ya kukitambulisha kitabu tu. Nenda kaichukue, ila haijawahi kumuuzia mtu nakala.

Na ile "akaunti ni yangu" ndo inaniumiza kuisikia. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zote zilizima masaa kama sita dunia nzima. Mei 2025 X ikafungwa Tanzania, waandishi waliokuwa na watu wao kule wakabaki wanahangaika. Oktoba ya mwaka huo huo, wakati wa uchaguzi, intaneti yenyewe ikakatika kwa siku kadhaa. Umepanga tu kwenye hizo nyumba bosi, na mwenye nyumba hakupigii simu kabla ya kubadili kitasa.

Mimi nina daftari, kaunta buku ya kawaida kabisa, jina, namba ya simu, mkoa, kanunua nini, basi gani linapeleka mzigo kwao. Kabla ya kuchapa cha pili niliwatumia meseji za kawaida mmoja mmoja, kwa jina, kazi ya siku tatu na vidole viliuma, nikawaambia kitabu kinakuja anayetaka atangulize nusu. Nikahesabu waliotuma, nikachapa 150, ndani ya mwezi vyote vilikuwa vimeshapanda mabasi pale Mbezi.

Vile vya kwanza bado vipo kama sabini chini ya kitanda, mke wangu anauliza kila akifagia.