Mchochota wa ubongo: kwa nini kifafa kingine hakikatiki

Mtu mwenye kifafa akianguka, mara nyingi mtukutiko hukoma wenyewe kabla ya dakika 2 au 3 kwisha. Ubongo una breki zake. Lakini kuna siku breki hazishiki: dakika 5 zinapita na mwili bado unarushwarushwa, au mgonjwa anatoka kwenye mtukutiko mmoja na kuingia mwingine bila kuzinduka katikati. Hicho ndicho kifafa kisichokatika. Tangu 2015 wataalamu wa kimataifa wameweka mpaka wake kwenye hizo dakika 5, kwa mtukutiko wa mwili mzima. Ukifika dakika 30, hatari ya kuacha madhara ya kudumu huwa kubwa.

Kwa nini breki zigome? Kwa muda mrefu tulijibiwa kwa upande wa neva peke yake. Breki ni kemikali iitwayo GABA, inayofanya kazi kwa kunasa kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli za neva. Mtukutiko ukirefuka, seli huvimeza vipokezi hivyo vikaingia ndani. Diazepamu, dawa ya kukata mtukutiko, nayo huvitegemea hivyohivyo, ndiyo maana ikitolewa mapema hufaa, na ikichelewa hugonga mwamba. Jibu hili ni la kweli, ila si lote; sehemu nyingine ni mchochota.

Mchochota ni ile hali ya kidole kilichochomwa na mwiba: kinakuwa chekundu, kinapata joto, kinavimba na kuuma. Ni kinga ya mwili ikiwa kazini. Usiuchanganye na uvimbe wa saratani, wala usidhani lazima kuwe na kidudu; jeraha tupu linatosha. Ndani ya ubongo kazi hiyo hufanywa na walinzi wakazi wa humo, seli ndogo ziitwazo maikroglia, zikisaidiana na astrosaiti, seli zenye umbo la nyota ambazo hulisha neva na kusafisha pale zilipo.

Sasa ajabu yenyewe: mtukutiko wenyewe, bila kidudu chochote, huwaamsha walinzi hao. Seli zilizoelemewa humwaga HMGB1, protini ambayo makao yake ni ndani ya kiini cha seli. Ikionekana nje, maikroglia huichukulia kuwa king'ora na kutoa interlukini-1 beta. Kemikali hii hufanya milango ya kalsiamu kwenye neva ifunguke zaidi, na neva ikaanza kuwaka kwa kichocheo kidogo tu. Mwaka 1999 Annamaria Vezzani na wenzake wa Taasisi ya Mario Negri, Milano, walidunga interlukini hiyo kwenye ubongo wa panya kabla ya kuwapa sumu inayoleta kifafa. Panya hao walikaa kwenye mtukutiko muda mrefu kuliko waliopewa sumu peke yake.

Kuna na uvujaji. Kuta za mishipa ya damu ya ubongo, ambazo kwa kawaida huchuja kwa ukali, hulegea, na albumini, protini ya damu, ikapenya. Astrosaiti zikiimeza, hupungukiwa na uwezo wa kufyonza potasiamu. Potasiamu ikirundikana nje ya neva, neva hulipuka ovyo. Basi mtukutiko umezaa mchochota, na mchochota unaulisha mtukutiko.

Dawa za kawaida za kifafa hutuliza neva, lakini nyingi hazikutengenezwa kwa ajili ya kuwatuliza walinzi. Ndiyo sababu madaktari wamejaribu anakinra, dawa ya baridi yabisi inayoziba kipokezi cha interlukini-1, kwa watoto ambao baada ya homa ya kawaida tu huingia kwenye kifafa kisichosikia dawa. Baadhi yao wamepata nafuu. Hao ni wagonjwa wachache, nami singeiita tiba iliyothibitika.

Tena si kila mchochota ni wa kuzimwa. Malaria ya ubongo, moja ya mambo yanayoleta degedege kali kwa watoto wetu, ina mchochota mwingi kwenye mishipa midogo ya kichwa, kwa hiyo deksamethasoni, dawa ya kuzima mchochota, ilionekana kama dawa mwafaka. Ilipojaribiwa Thailand, matokeo yakatolewa 1982: waliopewa walikaa kwenye koma muda mrefu zaidi, na matatizo mengine yakaongezeka.

Kwa tegu wa nguruwe, mnyoo ambao kiluwiluwi chake (mtoto wake) huweza kuingia ubongoni na kuleta kifafa, mambo hugeuka. Watu wa Mbulu, kaskazini mwa Tanzania, wanaujua ugonjwa huu. (Kinachopeleka kiluwiluwi kichwani ni mayai ya tegu kutoka kwenye kinyesi cha binadamu, si nyama yenyewe.) Kiluwiluwi kikiwa hai kinaweza kukaa ubongoni miaka bila kusumbua, maana kinajua kujificha na kinga. Kikianza kufa, kinga inakiona, mchochota unawaka, na mtukutiko unafuata. Ndiyo maana mgonjwa anapopewa albendazoli ya kukiua, hupewa pia deksamethasoni au prednisoloni.